Hela zimetoka au hazijatoka? Uandishi wa wahandisi wa programu, ukisomwa kutoka Kyela

Mkulima wa kakao wa Ipinda, wilayani Kyela, anaweza kumaliza mwezi bila kushika gazeti, lakini hamalizi siku bila kusoma ujumbe wa simu. Salio, tokeni ya umeme, malipo ya mnada, namba ya kulipia ushuru, angalizo la upepo ziwani, vyote vinamfikia kwa maandishi, na maandishi hayo hayakutoka kwa mwandishi wa habari wala kwa mwalimu wa Kiswahili. Mengi yaliandikwa na mhandisi wa programu, pengine usiku wa kuamkia siku ya kuwasha mfumo, akijaza nafasi iliyobaki tupu ndani ya msimbo wake. Hayakupita kwa mhariri. Asubuhi yake yanasomwa kuanzia Kasumulu mpaka Matema, na aliyeyaandika hayupo wa kuulizwa.

Ndiyo maana naliona suala la uandishi wa wahandisi kuwa kubwa kuliko linavyochukuliwa vyuoni, ambako huishia kuwa somo la pembeni la stadi za mawasiliano, linalosomwa mwaka wa kwanza na kusahauliwa mwaka wa pili. Hoja yangu ni moja. Sentensi isiyoeleweka kwenye simu ya mkulima ni dalili kwamba ndani ya timu iliyotengeneza mfumo kuna jambo ambalo halikuamuliwa, au liliamuliwa kwa mdomo likaishia hapo hapo. Anayetaka kuirekebisha sentensi hiyo hana budi kurudi nyuma hadi lilikoanzia.

Tuanze na ujumbe ambao kila mwenye simu Tanzania ameusoma kwa namna moja au nyingine: "Muamala wako umeshindikana. Tafadhali jaribu tena baadaye." Kisarufi hauna kosa, na una adabu pia. Lakini mama mwenye nusu ekari ya kakao akiupeleka kwa karani wa chama chake cha msingi, AMCOS kama wote wanavyoiita, mazungumzo huwa ya namna hii:

"Mwanangu, hebu nisomee hapa wameandika nini."

"Wanasema imeshindikana, mama."

"Sasa hela zimetoka au hazijatoka?"

"Hapo hawajasema."

Swali la mama ndilo lenye uzito, na ujumbe umelikwepa. Umemweleza hali ya mashine, haukumweleza hali ya fedha zake. Haukusema kama kosa ni lake, kwa mfano namba imekosewa au salio halitoshi, au kama ni la mtandao. Haukusema "baadaye" ni lini. Na akifuata maelekezo, akajaribu tena, huenda akalipa mara mbili.

Wengi watasema mhandisi huyo hajui kuandika. Mimi naona tatizo liko ndani zaidi. Kompyuta moja inapotuma ombi kwa nyingine na jibu lisirudi ndani ya muda uliowekwa, ile iliyotuma haina namna ya kujua kama ombi halikufika, au lilifika na kutekelezwa ila jibu ndilo lililopotelea njiani. Ni kama kumtuma mtu kwa boti kutoka Matema apeleke fedha Lupingu, na kufika jioni boti haijarudi: huwezi kusema hela zimefika, wala huwezi kusema hazikufika. Wanasayansi wa kompyuta wameliandika tatizo hili tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo muamala una hali tatu: umefanikiwa, haukufanikiwa, na bado haijajulikana. Programu inapoandikwa kana kwamba hali ni mbili tu, ile ya tatu hutupwa kwenye "umeshindikana", kwa sababu hakuna aliyekaa akaamua ifanywe nini.

Mhandisi aliyekwisha kuamua huandika vingine kabisa, hata kama hakuwahi kusifiwa kwa insha zake shuleni. Hali ya pili ataisema hivi: "Sh 45,000 hazijatoka kwako. Mtandao wa mpokeaji haupatikani. Jaribu tena baada ya saa 10 jioni. Kumb. 7KX2Q." Na ya tatu: "Bado hatujajua kama Sh 45,000 zimefika. Usitume tena. Tutakujulisha kabla ya saa 12 jioni leo. Kumb. 7KX2Q." Huo wa mwisho uangaliwe kwa makini. Kusema "tutakujulisha kabla ya saa 12" ni kuahidi, na ili ahadi itimie lazima kuwepo programu nyingine inayolinganisha kumbukumbu za pande mbili na kutoa jibu kwa wakati. Sentensi hiyo haiandikiki kwa uaminifu kabla kazi hiyo haijafanyika. Naipenda kwa sababu hiyo: inamrudisha mwandishi wake kwenye meza ya ufundi.

Kisingizio cha kawaida ni nafasi. Ujumbe mmoja wa SMS ni baiti 140, ambazo kwa alfabeti ya kawaida ya simu hubeba herufi 160. Mjerumani Friedhelm Hillebrand, aliyekuwa miongoni mwa waliopanga kipimo hicho miaka ya 1980, alipiga sentensi za kila siku kwenye taipureta akaona nyingi zinaishia chini ya hapo. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Menyu za kubonyeza nyota na reli zina nafasi kubwa kidogo, herufi 182. Ujumbe niliouandika hapo juu haufiki 120. Kinachomaliza nafasi mara nyingi ni "Ndugu mteja" mwanzoni, "Asante kwa kutumia huduma zetu" mwishoni, na tangazo la bahati nasibu katikati.

Kuna jambo dogo hapa ambalo kila anayewaandikia Watanzania anapaswa kulijua. Alfabeti ile ya simu inayo ritifaa iliyonyooka, ile tunayoihitaji katika ng'ombe au katika jina la Mwang'ombe. Haina ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia nyaraka huiweka zenyewe bila kuombwa. Mhandisi akinakili ujumbe kutoka kwenye waraka, ritifaa moja iliyopinda inaweza kuuhamisha ujumbe wote kwenye alfabeti pana ya Unicode, na nafasi ikaporomoka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe mmoja unakuwa miwili, mtumaji anatozwa miwili, na kwenye simu ya kitochi kipande cha pili kinaweza kutangulia cha kwanza. Mkulima anasoma "baada ya saa 10 jioni" bila kujua ni nini kitakachokuwa baada ya saa 10 jioni.

Mchele ndio ulioipa Kyela jina, lakini kakao ndiyo iliyowaingiza wakulima wake wengi kwenye mifumo ya kompyuta. Chini ya stakabadhi ghalani, utaratibu uliowekewa sheria mwaka 2005, mkulima hupeleka kakao kavu AMCOS, ikapimwa, ikawekwa ghalani, ikauzwa mnadani, siku hizi kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na yeye akalipwa benki au kwenye simu baada ya makato. Hamwoni mnunuzi. Hapigi bei uso kwa uso kama enzi za walanguzi waliokuwa wakipita vijijini na mizani zao. Anachobaki nacho ni risiti na ujumbe. Katika mwaka 2024, bei ya kakao ilipovuka dola 10,000 kwa tani katika masoko ya dunia, kilo chache zilizoandikwa vibaya zilitosha kuwa ada ya mtoto.

Sasa fikiria mkulima huyo anapokea: "Malipo yako yamechakatwa kikamilifu." Yamechakatwa kwa kiasi gani, kwa kilo ngapi, kwa mnada upi? Ujumbe mzuri ungempa hesabu aikague mwenyewe. Kwa namba za mfano: "Kakao kavu kilo 38 x Sh 21,000 = 798,000. Makato 38,000. Umelipwa Sh 760,000. Mnada wa 12 Juni. Swali? Muone karani wa AMCOS." Mtoto wa darasa la tano anaweza kuihakiki hesabu hiyo kwa kijiti mchangani. Kosa likiwepo litaonekana siku hiyo hiyo, likiwa bado linarekebishika, na karani atakuwa na kitu cha kushika badala ya kubishana kwa hisia. Watu wanasema wakulima hawaiamini mifumo. Mifumo inaaminika pale inapoonyesha hesabu yake.

Neno "kavu" katika ujumbe huo limewekwa kwa makusudi. Kakao ikitoka kwenye ganda huchachushwa kwa siku kadhaa, kisha huanikwa, na katika safari hiyo hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake. Kyela, ambako mvua za masika hazina huruma na anga hukataa kufunguka, kuanika ni kazi ya kuvizia jua. Fomu ya kompyuta yenye kisanduku kilichoandikwa "Kiasi" tu itajazwa kilo za kakao mbichi na mmoja, za kavu na mwingine, na magunia na wa tatu, na wote watakuwa wamejibu sawasawa. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter mwezi Septemba 1999 kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na upande wa pili ukazisoma kama za metriki. Waliohusika walikuwa mafundi hodari. Waraka uliotaja kipimo ulikuwepo, ila haukufuatwa, na aliyeipokea namba hakuwa na cha kumwonyesha kwamba imebadilika maana njiani. Karani wa Ipinda hana hata waraka huo.

Kisha kuna saa, na hapa kaskazini mwa Ziwa Nyasa mambo yanakuwa magumu kuliko mahali pengi. Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mto Songwe ndio mpaka, na simu iliyoko Kasumulu inaweza kushika mnara wa ng'ambo ikajibadilisha saa yenyewe. Seva nazo, popote zilipo, kwa kawaida huandika saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Juu ya hayo, sisi wenyewe tunahesabu saa kuanzia macheo. Tukio moja la asubuhi linaweza basi kuandikwa 04:10 kwenye seva, 06:10 kwenye simu iliyoshika mtandao wa Malawi, 07:10 kwenye simu ya jirani yake, na mwenye simu akampigia fundi akisema ilikuwa saa 1 na dakika 10. Namba nne kwa dakika moja. Fundi aliyeko Dar es Salaam akitafuta kosa la "saa 1" kwenye kumbukumbu za 01:00 hatalikuta, na atajibu kwamba mfumo hauna tatizo.

Ukiwatangazia abiria wa Bandari ya Kiwira kwamba meli ya kuelekea Manda, Liuli na Mbamba Bay inaondoka "7:00", kuna atakayefika alfajiri na kuna atakayefika mchana. "Saa 1:00 asubuhi, saa za Tanzania" inamaliza mzozo kwa maneno machache. Fedha ni hivyo hivyo: mpakani hapa shilingi na kwacha huzunguka kwenye meza moja, na kiasi kisichotajiwa sarafu yake hakijakamilika. Nimeshaona nyaraka za kiufundi zenye kurasa nyingi za michoro ambazo hazikusema popote saa itaandikwaje. Ukurasa mmoja wenye saa, sarafu, kipimo na mpangilio wa tarehe ungeokoa simu nyingi za kulaumiana.

Waandishi wa taarifa za hatari ziwani wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko wahandisi wetu, na ninaona ajabu kwamba hawanukuliwi kama walimu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inapotoa taarifa ya upepo mkali na mawimbi makubwa kwa maeneo ya Ziwa Nyasa, hutumia ngazi tatu zenye majina na rangi zisizobadilika: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Hutaja eneo na siku. Hutaja upepo utafika kilomita ngapi kwa saa na mawimbi mita ngapi. Halafu hutenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya, yaani uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari zake likitokea, na hutoa mifano ya athari hizo, kama shughuli za uvuvi kusimama. Mvuvi wa mtumbwi wa Matema akisoma hapo anaweza kuamua kama atashusha nyavu au la. Hakuambiwa "hali si nzuri". Alipewa vitu vya kupimia.

Ulinganishe na taarifa wanazopeana wahandisi mfumo ukianza kuyumba: "Jamani mfumo uko slow sana, cheki haraka!!!" Uko taratibu wapi, tangu lini, kwa watumiaji wote au wa AMCOS moja, na kuna fedha zilizosimama au ni ripoti tu inayochelewa kufunguka? Anayeamshwa usiku wa manane anahitaji hayo kabla hajafungua kompyuta. Kama anayesimamia zamu angeandika kwa mtindo wa taarifa ya hali ya hewa, nusu ya kazi ingekuwa imeisha kwenye mistari minne ya kwanza.

Hapo tumeingia ndani ya nyumba, kwenye maandishi ambayo mkulima hayaoni. Nayaona kuwa ndiyo chimbuko. Kila badiliko la msimbo huhifadhiwa pamoja na maelezo mafupi ya mhandisi, na katika miradi mingi maelezo hayo ni "nimerekebisha", "update", "final2". Baada ya miezi 6 hakuna anayekumbuka kilichorekebishwa. Chukua mfano wa majina. Wanyakyusa wengi wana majina ya ukoo yanayoanza na Mwa, na mengi yakaendelea na Mwaka: Mwakalinga, Mwakalobo, Mwakalukwa. Orodha ya malipo inayokata jina kwenye herufi ya sita itawaonyesha wote watatu kama MWAKAL, na karani atabahatisha. Mhandisi akiligundua na kulirekebisha, maelezo yanayofaa ni kama haya: "Onyesha majina yote matatu bila kukata. Majina mengi ya ukoo Kyela huanza kwa herufi zinazofanana, na karani alishindwa kutofautisha wanachama watatu. Usirudishe ukomo wa herufi 6 hata kama jedwali litapanuka." Sentensi ya kwanza inasema kimefanyika nini, ya pili kwa nini, ya tatu inamzuia mhandisi mwingine, mwenye nia njema ya kupendezesha jedwali, asilirudishe kosa. Msimbo wenyewe hauwezi kusema sababu. Sababu huishi kwenye maandishi au haiishi.

Taarifa za makosa kutoka uwandani nazo hulaumiwa. Karani hupiga picha skrini kwa simu, huituma WhatsApp, huandika "mfumo haufanyi kazi". Lakini alionyeshwa nini cha kuripoti? Kama skrini ilimwambia "Hitilafu imetokea", amenakili kwa uaminifu alichopewa. Mfumo unaotoa namba ya kumbukumbu, jina la hatua iliyokwama na saa kamili utarudishiwa ripoti zenye vitu hivyo.

Linabaki suala la lugha ya timu, ambalo hujadiliwa kwa jazba kuliko kwa hoja. Kiswahili cha kompyuta kimefanyiwa kazi kubwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, halijaacha kusanifisha istilahi. Juhudi hizo zilitupa maneno ya kuweka kwenye vitufe. Sentensi, yaani maelezo, sababu na maonyo, zilibaki bila mwenyewe. Timu nyingi hubishana kwa Kiswahili, kwa kina na kwa ukali, kisha uamuzi ukaandikwa kwa Kiingereza cha mistari miwili kisicho na hata robo ya hoja zilizosemwa. Mimi nashauri uamuzi uandikwe kwa lugha ileile iliyotumika kuujadili. Majina ndani ya msimbo yabaki ya Kiingereza, na nyaraka za kuunganisha mifumo na washirika wa nje ziwe za Kiingereza pia, kwa kuwa wasomaji wake ndio hao. Lakini waraka unaoeleza kwa nini karani haruhusiwi kufuta uzito uliokwisha kuidhinishwa unasomwa na watu walewale waliobishana, na warithi wao.

Kiswahili hicho kiwe na nidhamu. Mwaka 1997 Scott Bradner aliandika waraka wa kurasa chache, unaojulikana kama RFC 2119, ulioweka maana za maneno ya wajibu katika viwango vya intaneti: lipi ni sharti, lipi ni ushauri, lipi ni hiari. Kurasa hizo chache zimezuia ugomvi mwingi. Nyaraka zetu za zabuni hutumia "inapaswa" kwa yote matatu, na mkandarasi hujichagulia. "Ni lazima", "inashauriwa" na "inaruhusiwa", zikitumiwa bila kuchanganywa, zinatosha.

Ningependa kuona badiliko moja likianzia kwenye mikataba. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina nafasi ya kuweka viwango vya mifumo ya umma, na vyama vya ushirika vinavyonunua programu vina nafasi ya kudai vinacholipia. Mkataba udai orodha ya kila ujumbe ambao mfumo unaweza kumtumia mwananchi au kumwonyesha karani, ikiwa imekabidhiwa kwa maandishi kabla ya malipo ya mwisho, pamoja na hali inayousababisha kila mmoja. Hali isiyo na ujumbe ni hali ambayo haijaamuliwa, na itaonekana palepale kwenye jedwali kama pengo. Wanafunzi wa uhandisi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambao wako upande wa pili tu wa milima ya Rungwe, wangeweza kufanya mradi wa mwaka wa mwisho kwa orodha kama hiyo: wakaisome ghalani Ipinda kabla minada ya msimu haijaanza, pamoja na karani na wakulima wachache, wamuulize kila mmoja baada ya kila ujumbe atafanya nini sasa, na waandike jibu lake pembeni ya ujumbe huo.